Fonti Siyo Ileile: Utatuzi wa Matatizo ya Kutambua Fonti kwa Maumbo ya Herufi

Minada ya korosho ikianza, stesheneri za Mtwara, Masasi, Newala na Lindi hazipumziki. Vyama vya msingi vinataka matangazo, maduka yanataka mabango mapya, na harusi zinafuata pale fedha zinapoingia. Karibu kila mteja anakuja na picha kwenye simu na ombi moja: "Kaka, nataka maandishi kama haya haya." Kazi inatoka, anaitazama, anasema siyo. Mara nyingi yuko sahihi, fonti, yaani mtindo wa herufi, siyo ileile, ila hawezi kueleza kilichobadilika.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani kwa maneno ambayo wateja huyasema. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea zaidi na ukaguzi usiohitaji kitu zaidi ya macho yako. Panapofika mahali pa kuacha na kumwita mwenye ujuzi, nimesema wazi.

Kwanza: herufi zipi zitazamwe

Miongozo mingi ya Kiingereza inakwambia uanze na Q, kwa sababu mkia wake hutofautiana sana kati ya fonti na fonti. Kwetu ushauri huo hausaidii. Maneno ya Kiswahili hayana Q wala X, na C haiji bila h. Sisi tutazame R, G, J na M kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo tutazame a, g, t na u. Na tarakimu 1.

Yenye faida kuliko zote ni a ndogo, maana ni vigumu kupata bango la Kiswahili lisilo nayo. Jiulize swali moja tu: ina paa au haina? Yenye paa ni ile ya vitabuni, tumbo chini na mstari unaopinda juu yake. Isiyo na paa ni ile anayofundishwa mtoto darasa la kwanza, duara na kijiti pembeni. Swali hilo peke yake linaondoa nusu ya mashaka.

Si kila neno linatoa ushahidi. MTWARA kwa herufi kubwa lina R, na R inasema mengi. LINDI kwa herufi kubwa halisemi karibu chochote: mistari iliyonyooka na D moja. Ukiletewa kipande cha bango chenye LINDI tu, usikisie. Omba picha ya neno jingine kwenye bango hilohilo. Pana afueni moja: kama I zake zina vijistari juu na chini huku herufi nyingine hazina, fikiria Verdana au Tahoma. Verdana ni pana na ina nafasi kubwa kati ya herufi. Tahoma imebanwa zaidi.

Dalili ya 1: "Kwenye simu yangu ilikuwa nzuri, hapa imebadilika"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na kwa kawaida halihusu macho ya mtu. Kompyuta imebadilisha fonti bila kusema.

Sababu ya kwanza: fonti iliyotumika haimo kwenye kompyuta iliyofungua faili. Hapa Word inawachanganya wengi, kwa sababu kisanduku cha fonti kinaendelea kuonyesha jina lililoombwa hata kama kinachoonekana kwenye ukurasa ni fonti nyingine kabisa. Usiamini jina, amini umbo. Nenda kwenye mipangilio ya Word, sehemu ya mambo ya ziada, utafute kitufe cha fonti mbadala. Kitakuonyesha ipi imekosekana na ipi imechukua nafasi yake.

Sababu ya pili: faili ni PDF lakini fonti haikufungwa ndani yake. Fungua kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda kwenye ukurasa wa fonti. Iliyofungwa ndani itaandikwa hivyo mbele ya jina lake. Isiyofungwa itaonyesha pia jina la fonti halisi inayotumika badala yake.

Sababu ya tatu: simu yenyewe ndiyo iliyobadilisha. Programu za simu hufungua faili la Word kwa fonti zilizomo kwenye simu, na kwenye Android hiyo mara nyingi ni Roboto. Kwa hiyo "nzuri" aliyoiona mteja huenda haikuwa ile aliyochagua mdizaini.

Kuna ishara ya haraka ambayo wengi hawaijui. Angalia kama mistari imehama. Fonti ikibadilishwa na nyingine ya upana tofauti, maneno yanashuka mstari, jina la bwana harusi linakatika katikati, ukurasa mmoja unakuwa miwili. Lakini zipo fonti zilizotengenezwa makusudi ziwe na upana uleule wa nyingine: Liberation Sans kwa Arial, Liberation Serif kwa Times New Roman, Carlito kwa Calibri. Hizi ndizo hutumika kwenye kompyuta zenye LibreOffice, programu ya bure inayotumika badala ya Word. Zikiingia, hakuna mstari unaohama, na mteja anabaki na hisia kwamba kitu siyo sawa bila kuona ni kipi.

Suluhisho: aliyedizaini atume PDF, siyo faili la Word. Kama lazima iwe Word, kwenye mipangilio ya kuhifadhi achague kufunga fonti ndani ya faili. Baadhi ya fonti haziruhusu kufungwa kwa sababu ya leseni. Hapo PDF au picha yenye ubora mkubwa ndiyo njia.

Simama hapa: ukienda kutafuta fonti iliyokosekana mtandaoni na ukapewa faili linaloishia na .exe, usilifungue. Fonti huishia na .ttf au .otf. Stesheneri ikiingiwa na kirusi kwa njia hii, kila flashi ya mteja inaondoka nacho. Ukiwa umeshalifungua, chomoa intaneti, usichomeke flashi yoyote, na umwite fundi wa kompyuta.

Dalili ya 2: "Yote ni Arial, mbona bango jipya halifanani na la zamani?"

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapotea. Mtu anaongeza tawi la pili la duka, anataka bango lifanane na la kwanza, wote wanaapa kuwa ni Arial, na yakiwekwa pamoja hayafanani.

Sababu ya kawaida ni kwamba la zamani ni Helvetica. Helvetica ilichongwa Uswisi mwaka 1957 na Max Miedinger akiwa na Eduard Hoffmann. Arial ilitengenezwa na kampuni ya Monotype mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders, ikapewa upana uleule wa herufi za Helvetica, kisha ikasambaa na Windows kuanzia 1992. Ndiyo maana urefu wa maneno unalingana huku maumbo yanatofautiana. Na kwenye Windows isiyo na Helvetica, ukiiomba Helvetica unapewa Arial kimya kimya. Mdizaini aliyetumia Mac alikuwa na Helvetica yenyewe. Wewe unayefungua faili lake kwenye Windows huna.

Chukua picha ya bango la zamani, ikuze, kagua kwa mpangilio huu:

1. R ya MTWARA. Kwenye Helvetica mguu wa kulia unatoka tumboni na kushuka karibu wima, ukipinda kidogo unapogusa chini. Kwenye Arial mguu umenyooka na unakwenda mshazari hadi chini. Hii inaonekana hata kwa mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

2. G. Helvetica ina kijiti kinachoshuka upande wa kulia chini, kama kisigino. Arial haina, G yake inaishia kwenye mkunjo tu. Maneno kama DUKA LA MAGARI au GENGE yanakupa jibu hapo hapo.

3. t ndogo. Kichwa cha t ya Arial kimekatwa mshazari. Cha Helvetica kimekatwa sawasawa.

4. Ncha za C, S na e. Helvetica hukata ncha zake kwa mstari wa ulalo, sambamba na ardhi. Arial hukata kwa mshazari. KOROSHO ina S katikati, itazame.

5. a ndogo. Helvetica ya uzito wa kawaida ina mkia mdogo chini kulia; Arial karibu haina. Kwenye herufi nene usitegemee ishara hii, rudi kwenye R na G.

Sababu ya pili: bango jipya limetengenezwa kwa Liberation Sans. Njia rahisi ni tarakimu 1. Kwenye Liberation Sans ina kikanyagio, yaani kijistari cha ulalo, chini; kwenye Arial na Helvetica haina. Mabango yetu karibu yote yana namba ya simu, kwa hiyo 1 haikosekani.

Sababu ya tatu haihusu kompyuta. Bango la stika lililokaa miaka kando ya bahari, Shangani au Mikindani au pale Lindi mjini, limepigwa na jua na upepo wa chumvi. Stika huanza kubanduka kwenye ncha, na ncha ndizo tunazozitegemea. G iliyobanduka kisigino inafanana na ya Arial. Kabla ya kuamua, tafuta herufi hiyohiyo mahali pengine kwenye bango, hasa upande uliofunikwa na kivuli cha paa, uone kama inakubaliana.

Usipande ngazi kupima herufi za bango lililo karibu na nyaya za umeme. Piga picha kutoka chini ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, au mwite fundi wa mabango mwenye vifaa.

Dalili ya 3: "Hizi za duara zote naona sawa"

Maduka ya vipodozi, studio na saluni wanazipenda. Anza na a. Ikiwa o ni duara kamili lakini a ina paa, jaribu Montserrat kwanza. Ikiwa a haina paa, mashindano yanabaki hasa kati ya Century Gothic na Futura.

Futura ni ya Paul Renner, Ujerumani, 1927. Tazama u ya neno "Karibu": u ya Futura ni kikombe kitupu, haina kijiti cha kushuka upande wa kulia. Ya Century Gothic ina kijiti. Kisha tazama vilele vya A na M: Futura imechongoka, Century Gothic imekatwa bapa. Mwisho, herufi ndogo za Century Gothic ni kubwa zaidi zikilinganishwa na herufi kubwa zake.

Kipimo hicho cha mwisho kinafaa kwa fonti zote, hata kwenye picha mbaya. Pima kimo cha a, kisha kimo cha herufi kubwa iliyo jirani. Kwenye Times New Roman herufi ndogo hufika kama theluthi mbili ya kubwa. Kwenye Arial hukaribia robo tatu.

Dalili ya 4: "Nimeitafuta kila mahali, haipo"

Huenda siyo fonti. Mikoa yetu bado ina mafundi wa brashi, na kazi yao ni nzuri kuliko mabango mengi ya kuprinti. Ukaguzi ni mwepesi: chukua neno lenye herufi inayojirudia. MASASI lina A mbili na S mbili. Zikiwa sawa kabisa, unene, ncha na mikunjo, ni fonti. Zikitofautiana, ni mkono wa mtu. Usipoteze siku ukitafuta jina. Mtafute fundi mwenyewe akuandikie, au ziskani herufi na kuzichora upya kwa ruhusa yake.

Tahadhari kwa kadi za harusi: fonti kadhaa za mwandiko wa kuunganisha zina maumbo zaidi ya moja ya herufi moja, ili zionekane kama mkono. Ukiona a tatu na mbili kati yake zinalingana barabara, hiyo ni fonti. Na usijaribu kutambua fonti ya mwandiko kwa herufi ndogo, zinafanana mno. Tazama herufi kubwa ya mwanzo wa jina.

Zipo pia fonti zisizo na herufi ndogo kabisa, kama Bebas Neue. Mteja akisema "nataka ileile kwa herufi ndogo", mwambie mapema kwamba haipo ili mchague nyingine pamoja.

Dalili ya 5: "Ritifaa ya Ng'apa imekaa vibaya"

Ng'apa, ng'ombe, ng'ambo: ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu baada ya ng, huonekana nyoofu mahali pamoja na imepinda mahali pengine. Mara nyingi fonti ni ileile. Word inaipinda yenyewe unapoandika, simu mara nyingi huiacha nyoofu, na maneno yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp yanakuja na ile ya simu. Chagua moja, badilisha zote. Kwa hiyo ritifaa isitumike kama ushahidi wa fonti.

Ikiwa ritifaa ina unene au mtindo usiolingana na herufi zinazoizunguka, fonti haina alama hiyo na kompyuta imeazima kutoka nyingine. Fonti nyingi za bure za mwandiko zina kasoro hii. Jaribu ritifaa nyoofu. Ikishindikana, badilisha fonti. Jina la mtu au la kijiji lisiharibiwe kwa sababu ya urembo.

Dalili ya 6: "Namba zinapanda na kushuka" au "nenosiri linakataa"

Tarehe ya harusi ambayo 3, 4, 5, 7 na 9 zimeshuka chini ya mstari huku 6 na 8 zimepanda siyo kosa la printa. Georgia, ya Matthew Carter, ndivyo ilivyo. Constantia, Corbel na Candara nazo zinakuja hivyo. Kwenye kadi inapendeza. Kwenye orodha ya bei au namba ya malipo inachosha macho. Badilisha fonti ya namba tu.

Nenosiri la Wi-Fi la gesti linalokataa ni jambo jingine. Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni mstari mmoja. Kwenye Gill Sans, ya Eric Gill wa Uingereza, hata 1 inaingia humo na zote tatu zinakuwa kijiti kilekile. Mgeni hawezi kujua. Chapisha upya kwa Verdana, ambayo inazitenganisha zote tatu.

Dalili ya 7: "Fonti ni hiyo, lakini imenenepa" au "imelala ovyo"

Kwanza shuku kuvutwa. Mtu alitaka maneno yajaze bango, akashika pembe akavuta. Tazama H au E: kwenye fonti ya kawaida isiyo na vikanyagio, mistari ya wima huwa minene kidogo kuliko ya ulalo. Ikiwa ya wima imekuwa myembamba kuliko ya ulalo, herufi zimebanwa. Ikiwa ya wima ni minene mno na o imelala kama yai, zimevutwa kwa upana. Rudisha upana hadi o ikae sawa, ndipo uanze kutambua.

Pili, mlazo (italiki, herufi za kuinama) wa bandia. Times New Roman ya mlazo halisi ina a isiyo na paa. Ukiona herufi za Times zimeinama na a bado ina paa, kompyuta imeziinamisha tu kwa nguvu kwa sababu faili la mlazo halikuwepo. Kipimo hiki usikitumie kwa Arial. Hata mlazo wake halisi unabaki na paa.

Dalili ya 8: "Programu ya kutambua inanipa majibu kumi tofauti"

WhatTheFont na nyingine za aina hiyo zinasaidia zikilishwa vizuri. Sababu kubwa ya majibu mabaya ni picha: imepigwa upande, imepita WhatsApp mara kadhaa mpaka imechakaa, au herufi zimegusana. Omba picha itumwe kama faili, siyo kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Inyooshe, kata neno moja lenye R, G, a au g, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Sababu nyingine ni kwamba kila programu hutafuta ndani ya orodha yake tu. Ichukulie kama inayopendekeza, halafu wewe ukague herufi moja moja.

Dalili ya 9: "Bismillahi imeachana herufi"

Kwenye kadi za ndoa na mabango ya madrasa hili hutokea pale programu ya kudizaini isipojua kuunganisha herufi za Kiarabu. Zinasimama mbalimbali, na wakati mwingine zinageuka kuanzia kushoto. Kwenye programu za Adobe, washa mpangilio wa maandishi ya Mashariki ya Kati, kisha andika upya badala ya kubandika. Amiri ni fonti nzuri ya kuanzia, nayo imetokana na herufi za matbaa ya Bulaq ya Misri.

Simama hapa kama husomi Kiarabu. Usiprinti hata nakala moja kabla ustadhi au mtu mwingine anayekisoma hajapitia, hata kama herufi zinaonekana zimeungana. Nukta moja ikihama neno linabadilika, na haya ni maneno watu wanayoyaheshimu.

Dalili ya 10: "Nitazamie, hati hii ni ya kweli?"

Mama analeta karatasi ya kiwanja, au ndugu wanagombana juu ya wosia, na wamesikia kwamba fonti inaweza kusema. Inaweza kusema kitu. Calibri iliwafikia watu kwa wingi mwaka 2007 pamoja na Office ya mwaka huo. Aptos ikachukua nafasi yake kama fonti ya kuanzia ya Word mwaka 2023. Karatasi yenye tarehe ya 1998 iliyochapwa kwa Calibri ina swali la kujibu. Mwaka 2017 nchini Pakistan jambo kama hilo lilifika kwenye uchunguzi wa familia ya waziri mkuu: hati zenye tarehe ya Februari 2006 zilionekana zimechapwa kwa Calibri. Hata hapo pakawa na mabishano, kwa kuwa matoleo ya majaribio yenye fonti hiyo yalikuwepo kabla ya 2007.

Tena hati inaweza kuwa nakala iliyochapwa upya kwa nia njema, au PDF iliyobadilishiwa fonti kama tulivyoona kwenye dalili ya kwanza. Na Carlito inaweza kudhaniwa kuwa Calibri.

Kwa hiyo kwenye hati za ardhi, wosia, vyeti na mikataba, mtu wa stesheneri hapaswi kutoa hukumu. Usiandike chochote juu yake, usiitoboe, usiichomee plastiki, usiirekebishe hata ukiombwa. Mwambie, "Mama, hii iweke kwenye bahasha kama ilivyo," kisha aende kwa wakili au kwa ofisi iliyoitoa: ya ardhi kwa hati ya kiwanja, RITA kwa cheti cha kuzaliwa, Baraza la Mitihani kwa cheti cha shule. Palipo na shaka ya kughushi, aende polisi, wenye wataalamu wao wa kuchunguza maandishi.